Bi Sikudhani na Wiki Isiyofungwa

Nchi ninayoisimulia haina jina. Si kwamba watu wake ni wavivu wa kufikiri. Shindano la kulitafuta jina lilitangazwa zamani, majina yakaletwa kwa magunia, na kamati ya kuchagua bado inakaa. Wananchi wanaiita "hapa kwetu", na inatosha. Ni nchi ya amani, ina mito miwili na wizara thelathini, na serikali yake inawapenda wananchi mno, hasa wenye chochote mfukoni. Mimi sina neno baya juu yake. Nasimulia tu yaliyompata mwanamke mmoja wa mji wa Kirumbi, Bi Sikudhani Mafita, aliyekuwa anakodisha viti.

Zamani alikuwa mpishi wa shule. Shule ilipoishiwa unga ikamwambia apumzike mpaka unga upatikane, naye akaona kwamba akiungoja unga wa serikali atazeeka na mwiko mkononi. Akanunua viti kumi vya plastiki, vyeupe, akavikodisha msibani. Msiba ukazaa viti vingine, harusi ikazaa turubai, na mwisho hapakuwa na mtu Kirumbi aliyeozwa, aliyebatizwa au aliyezikwa bila watu wake kukalia viti vya Bi Sikudhani. Aliviosha kwa mkono wake. Alikuwa akisema mtu akija kulia, asiinuke na doa.

Siku moja akaitwa na Idara ya Ushuru na Shukrani. Idara hii ilikusanya ushuru, kisha ikamshukuru aliyetoa. Shukrani ndiyo sehemu iliyokuwa ikirudi kwa mwananchi.

Mkurugenzi wake, Bwana Pendaeli Mshindo, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuhutubia hata akiomba chumvi. "Mama," alisema, "taifa linaandaa Wiki ya Mlipakodi Mwema. Taifa linataka viti mia nane na maturubai manne. Je, uko tayari kulikalisha taifa?"

Bi Sikudhani alikuwa na viti mia tatu. Akasema yuko tayari. Akaenda kwa akina mama wenzake wa kikoba, ambao walikuwa wakichanga kila Ijumaa na kukopeshana kwa riba ndogo, na mwenyekiti wao, jirani yake Bi Asteria, akamhesabia kitita chote kilichokuwemo, akanunulie viti na maturubai yaliyopungua.

"Hizi ni za paa langu, mdogo wangu," Bi Asteria alisema akicheka. "Na za wengine pia. Usizicheleweshe, mvua ikija itanikuta nimelala na ndoo kichwani."

"Da Asteria, mteja ni serikali. Serikali inakimbilia wapi?"

Mkataba ulikuwa mfupi, na maneno yake yalikuwa mazuri: malipo yatafanyika mara tu Wiki itakapofungwa rasmi. Bi Sikudhani akatia sahihi.

*

Waziri mwenyewe alikuja kufungua. Alivaa suti ya rangi ya samli akasema kwa uchungu wa kizalendo: "Kodi ni upendo! Asiyekukata hakupendi! Mama anapomkata mtoto kucha, je, mtoto analia? Analia. Lakini kucha si zinapungua?" Watu wakapiga makofi, ingawa wengine walitazama vidole vyao kwanza. Kisha Waziri akapanda ndege kwenda nchi ya mbali kuhudhuria mkutano wa kimataifa kuhusu umuhimu wa kulipa watu kwa wakati. Akaahidi kurudi kuifunga Wiki.

Jumatatu iliyofuata Bi Sikudhani alifika uwanjani na Kibwana, mkuu wa wapakiaji wake, jitu refu lililozoea kuongea na mkokoteni kama mtu anavyoongea na ng'ombe. Walikuja kuchukua viti. Wakakuta vimejaa. Maafisa wa Idara walikuwa wamekaa safu kwa safu, kimya, wanatazama jukwaa tupu.

"Mheshimiwa, kwani wiki haijaisha?" Bi Sikudhani alimwuliza Mkurugenzi, ambaye alikuwa safu ya mbele na chupa ya maji.

"Kwa kalenda imeisha, mama. Kwa itifaki bado. Mgeni rasmi akishafungua, hakuna wa kufunga ila yeye."

"Na atarudi lini?"

"Mkutano umeongezwa muda. Wajumbe hawajalipwa nauli za kurudi."

"Basi nilipeni hii ya wiki iliyopita."

Mkurugenzi akamtazama kwa huruma. "Tulipe vipi sherehe ambayo haijafungwa? Huo si utakuwa ubadhirifu?"

Wakati wa kutoka, Kibwana, ambaye alikuwa na binamu mfagizi pale Idarani, alimweleza mambo yalivyo. Afisa wa hapa kwetu akikaa katika sherehe rasmi hulipwa posho ya kukaa. Akikaa ofisini halipwi, kwa kuwa pale anafanya kazi tu. Kwa hiyo ofisi zilikuwa zimehamia uwanjani. Wiki ya pili zilikuja meza, ya tatu ikaja mihuri, na afisa mmoja mwenye familia kubwa akaanza kufuga kuku nyuma ya jukwaa.

"Mama, hawa hawainuki," alisema Kibwana. "Mimi nawajua watu wanaokaa. Hawa wamekaa."

*

Mwezi ulipokatika alikuja Afisa Makadirio. Jina lake Eliakimu Ngwada, mtu mdogo, msafi, mwenye mwavuli hata kiangazi. Hakuwa mkali. Aliongea polepole, kama daktari anayetoa habari mbaya kwa mgonjwa asiyemlipa.

"Mama, tumekukadiria," alisema. "Hongera. Mapato yako yamepanda sana."

"Mapato gani, baba? Sijaona hata senti."

"Viti mia nane vimekaliwa kila siku, Jumapili na sikukuu. Hiyo ni pesa."

"Sijalipwa!"

"Sheria haisemi ulipwe, mama. Inasema upate. Wewe hukupata mteja?"

"Nimempata."

"Basi umepata. Kulipwa ni jambo lingine, lina dirisha lake." Akamwonyesha Idara kwa mwavuli. Kweli, pale Idarani palikuwa na madirisha tisa ya kupokea, yenye vyuma vinavyong'aa, na moja la kulipa, ambalo fundi hodari alilichora ukutani kwa rangi, na pazia lake, hata ungedhani linapepea.

Bi Sikudhani akavuta pumzi. Alikuwa amesikia kwamba mfanyabiashara huruhusiwa kuondoa gharama zake kabla ya kodi. Akamtolea mfuko wa stakabadhi.

Ngwada alizipitia moja moja kwa heshima.

"Sabuni ya kuoshea viti. Hii hapana. Mtu msafi kama wewe ungeviosha hata bila biashara."

"Pango la stoo je?"

"Stoo iko tupu, mama. Viti si viko kwetu? Unapangaje chumba cha kuwekea kitu ambacho huna?"

"Ujira wa wapakiaji."

"Walipakia. Hawajapakua. Kazi nusu haina gharama."

"Riba ya kikoba, basi."

"Hapo unalipia furaha ya kukopeshwa, na furaha ni matumizi binafsi." Akachukua karatasi ya mwisho, akaisoma, akaisogeza karibu na macho, akaisoma tena. Sauti yake ikashuka. "Mama, hii nini? 'Asilimia kumi, ofisi ya Mkurugenzi, ili nipewe kazi.'"

"Gharama hiyo. Nisingeitoa nisingepata kazi."

"Futa."

"Lakini niliitoa, baba, kwa mkono huu."

"Andika 'maji ya kunywa'."

"Maji ya pesa zote hizo?"

"Mkurugenzi hunywa sana," alisema Ngwada, na kwa mara ya kwanza akatazama chini. Kisha akakataa na hayo maji, kwa sababu hayakuwa na stakabadhi.

*

Mvua ilikuja kabla ya Waziri. Harusi za msimu zilimpita Bi Sikudhani zote. Watu walimjia na pesa taslimu, yeye akawa anawaelekeza kwa mshindani wake, mtu mwenye viti vya bluu vilivyopasuka, huku moyo unamuuma kama jino. Aliuza friji. Akauza redio. Ijumaa za kikoba akaanza kuchelewa kwenda, halafu akaacha kwenda, akawa anapita njia ya nyuma ili asionekane na wenzake.

Bi Asteria hakumgombeza. Ingekuwa afadhali. Alikuja asubuhi moja, khanga yake imelowa mabegani, akakaa mkekani.

"Shikamoo, da Asteria."

"Marahaba. Umepotea."

"Nipo."

"Paa limeanza kuvuja juu ya kitanda. Nimekisogeza. Sasa linavuja pale nilipokisogeza." Akakamua ncha ya khanga. "Pesa zingekuwa zangu peke yangu, ningekwambia pumzika. Lakini wenzetu wameanza kunong'ona. Wanasema nilikupa zote kwa sababu wewe ni rafiki yangu."

"Da Asteria, viti vyangu umeviona mwenyewe. Vimekaliwa."

"Nimeviona. Nimepita pale jana, nikamwona yule mnene amelala kwenye kiti, mdomo wazi." Akainuka. "Mdogo wangu, wewe ulikuwa unatuambia asiinuke mtu na doa. Mimi nimeinuka nalo."

Alipoondoka, Bi Sikudhani alilia. Mtu aliyekalisha waombolezaji wa mji mzima alilia akiwa amekaa juu ya debe, kwa kuwa hata kiti cha kwake mwenyewe alikuwa amekipeleka kujazia ile mia nane.

Alipomaliza kulia alijitanda khanga akaenda uwanjani. Ngwada na Mkurugenzi walikuwa wameketi bega kwa bega, katikati yao meza moja.

"Bwana Ngwada," alisema, "wewe unasema pesa nimeshapata. Wewe mheshimiwa unasema pesa bado. Naomba mmoja amgeukie mwenzake."

Wakatazamana. Ikaonekana jambo hilo halijawahi kujaribiwa.

"Sehemu ya Kukadiria haiwezi kuongea na Sehemu ya Malipo," alisema Mkurugenzi hatimaye. "Huo utakuwa uvujishaji wa siri. Na kwa kuwa hujalipa kodi, mama, kwa masikitiko makubwa tunakamata mali yako."

"Mali gani?"

"Viti."

Wakaletwa vijana na chaki. Wakapita kila kiti, afisa akijiinua kidogo tu upande mmoja, wakaandika chini yake: KIMEKAMATWA. Kisha afisa akashusha upande ule, akaendelea kukaa. Ulinzi wa mali iliyokamatwa, nilielezwa baadaye, nao una posho yake.

*

Lililomwokoa Bi Sikudhani ni kwamba Idara ilikuwa na sherehe ya Mlipakodi Mwema lakini haikuwa na mlipakodi. Matajiri wote wa Kirumbi walikuwa na misamaha. Hivyo makarani wakaangalia ni nani aliyekadiriwa kodi kubwa kuliko wote wilayani, na jina likatoka: Sikudhani Mafita, mkodisha viti. Hakuwa amelipa, lakini takwimu zake zilikuwa nzuri sana. Gazeti la serikali likachapa picha yake, na chini yake maneno: MFANO WA KUIGWA.

"Utapewa cheti," Mkurugenzi alimwambia, "na utasema neno moja la shukrani. Neno moja, mama. Mimi nitasema yaliyobaki."

Bi Sikudhani akamwita Kibwana.

"Siku ya cheti uje na wapakiaji wote. Na mikokoteni yote uliyonayo, na ya kuazima."

"Mama, wataketi. Tutawamwaga?"

"Hakuna atakayemwagwa. Nyinyi mngoje nyuma ya turubai. Nikianza kuimba, muanze kazi."

"Kuimba?" Kibwana alikuwa amemsikia akiimba jikoni. "Haya. Wewe ndiye bosi."

Siku ikafika. Wageni waalikwa walijaa. Mkurugenzi alitoa hotuba ya kumkaribisha mtu ambaye naye angetoa hotuba ya kumkaribisha mtoa cheti. "Ndugu wananchi! Nchi ni kama kiti! Kina miguu minne! Mguu wa kwanza ni kodi, wa pili ni kodi, wa tatu ni nidhamu ya kodi!" Mguu wa nne aliusahau, akapigiwa makofi hata hivyo. Bi Sikudhani akapewa cheti chenye muhuri, akasogezwa mbele ya kipaza sauti. Alikuwa amevaa gauni la kitenge aliloazima.

"Waheshimiwa," alisema, "mimi sina maneno. Mpishi hana maneno. Naomba tu, kwa mapenzi niliyo nayo kwa hapa kwetu, tusimame tuimbe wimbo wa taifa."

Nani angekataa? Wote wakasimama.

Sasa, wimbo wa taifa wa hapa kwetu una beti nyingi, kwa kuwa kila rais aliyeingia aliongeza wa kwake na hakuna aliyethubutu kupunguza wa mwenzake. Sheria yake ni kali. Ukishaanza, mwalikwa asitikisike mpaka uishe. Karani mmoja aliwahi kujikuna shingo katika ubeti wa pili, akahamishiwa mpakani, na huko bado anajikuna. Lakini sheria inawataja waalikwa. Wapakiaji hakuna aliyewaalika.

Bi Sikudhani akaimba. Sauti haikuwa nzuri, ila ilikuwa kubwa. Ubeti wa kwanza ulipokolea, Kibwana na watu wake wakaingia safu ya nyuma kwa unyenyekevu, wanainua na kupanga viti vitano vitano, bila kelele, kama watu wanaozoa sahani msibani. Maafisa walisikia viti vinaondoka nyuma ya magoti yao. Hawakuweza kugeuka. Macho tu yaliyumba. Ngwada, mwavuli umebanwa kwapani, alifuata kiti chake kwa pembe ya jicho mpaka kikapotea. Jasho lilimtiririka Mkurugenzi hadi kwenye tai, naye akawa anaimba kwa nguvu zaidi, kama anayeomba msaada kwa taifa: "Tutasimama imara! Tutasimama daima!" Ndiyo maneno ya ubeti wa nne.

Walipofika ubeti wa mwisho, wenye sifa za rais wa sasa, uwanja ulikuwa majani matupu na kuku wa yule afisa. Bi Sikudhani akainamia kipaza sauti.

"Kwa itifaki," alisema, "wimbo wa taifa ukiimbwa baada ya hotuba, sherehe imefungwa. Asanteni kwa kuja."

*

Walitaka kumkamata, bila shaka. Mkurugenzi alimpigia simu Waziri huko ng'ambo, akilia, kwamba Wiki imefungwa na mtu asiye rasmi. Lakini gazeti lilikuwa limeshamtangaza Bi Sikudhani kuwa mfano wa kuigwa, na mfano wa kuigwa haufungwi jela wala haunyang'anywi viti kabla watu hawajauiga. Waziri alikuwa mtu mwepesi. Kesho yake gazeti likaandika: WAZIRI AAGIZA WIKI IFUNGWE, AOKOA MABILIONI YA POSHO. Akarudi na ndege ya kwanza, akataka apigwe picha akimkabidhi mama huyo malipo yake.

Malipo yalikuwa ya wiki moja.

"Tulikodi kwa wiki, mama," Mkurugenzi alimwambia kwa meno yaliyobanana, "na wiki ina siku saba."

Kwa upande wa kodi, hata hivyo, wiki hiyo ilikuwa na miezi minne na siku kadhaa, na makadirio yalibaki vilevile.

Bi Sikudhani hakubishana siku hiyo. Alizibeba zile pesa kwenye mfuko wa nailoni moja kwa moja hadi kwa Bi Asteria, akazimwaga mkekani mbele ya akina mama wote. Zilitosha kurudisha mkopo na riba, na hazikubakiza kitu. Bi Asteria alizihesabu, akazihesabu tena, kisha akamshika mkono asiuachie. Jumamosi mabati yalipanda juu ya nyumba yake. Mafundi walikaa kwenye viti vyeupe wakati wa chai.

*

Wiki chache baadaye Bwana Ngwada alibisha hodi. Alikuwa amekonda. Mwavuli ulikuwepo.

"Karibu ndani, baba. Umekuja kukadiria?"

"Hapana, mama. Leo nimekuja kama mzazi. Binti yangu mkubwa anaolewa Jumapili. Nataka viti mia na turubai."

Bi Sikudhani akataja bei, na kwamba hulipwa kwanza.

"Mama, posho za kukaa hatujalipwa hata moja. Wanasema zinahakikiwa. Halafu mshahara wangu umekatwa kodi ya hizo posho."

"Ambazo hujalipwa?"

"Ndiyo."

"Nani aliyekadiria?"

Ngwada alitazama ncha ya mwavuli. "Ni mimi mwenyewe. Ilikuwa zamu yangu."

Bi Sikudhani alitaka kucheka, na alikuwa na haki. Lakini alimwona kola yake imeliwa na ufuaji, akamfikiria yule binti. Akapunguza bei ya turubai, ya viti akaiacha palepale, akampa masharti: ujira wa mpakiaji mmoja utapungua kama mwenye harusi atasukuma mkokoteni mwenyewe. Ngwada akakubali. Akauza saa yake, akaleta pesa.

Jumapili, Afisa Makadirio wa Idara ya Ushuru na Shukrani alisukuma viti vya harusi ya bintiye akiwa na suti. Katikati ya mlima wa soko tairi likapata pancha. Viti vikamwagika. Kibwana akamwambia, "Shika hapa, mzee, usiachie," naye akashika, magoti kwenye matope, wakati fundi wa pembeni anaziba na kudai pesa yake papo hapo. Ngwada alilipa kutoka mfuko wake. Harusi ilichelewa, lakini ilifana, na hakuna aliyeinuka na doa isipokuwa baba wa bibi harusi, ambaye alikuja nalo.

Siku iliyofuata barua ilifika kwa Bi Sikudhani. Idara imepitia upya makadirio yake. Imeridhia, kwa kipindi chote, gharama ya kuziba pancha.

Akaenda nayo mpaka ofisini. Ngwada alikuwa dirishani.

"Nashukuru kwa pancha, baba. Na sabuni je? Stoo? Wapakiaji?"

"Mama, nisikudanganye," alisema Ngwada kwa upole wake uleule. "Pancha niliiona kwa macho yangu. Hizo nyingine bado sijazishuhudia."

Bi Sikudhani akakunja barua, akaitia kwenye pochi, akafikiri.

"Bwana Ngwada, una mabinti wangapi waliobaki?"

"Wawili, mama. Bado wako shule."

"Mungu awakuze," alisema Bi Sikudhani, kwa moyo wake wote.